Halihusiani na Mada

Niliwahi kuandika kumbukumbu za kikao zikapitishwa bila mtu kurekebisha hata neno moja, na mpaka leo zinaniuma. Ilikuwa mwaka 2013, nikiwa mwaka wa pili katika chuo kimoja cha umma. Tulikuwa tumeandaliwa kongamano la wazi, la kuingia yeyote atakaye, kuhusu sera za Serikali ya Uingereza katika makoloni yake baada ya Vita Kuu ya Pili na namna zilivyokwama. Mfano uliochaguliwa ulikuwa wa nyumbani kabisa: Mradi wa Karanga wa Kongwa. Ukatibu nikapewa mimi kwa sababu mwandiko wangu unasomeka, na kwa sababu, kama alivyosema mhadhiri mmoja, "wewe ni mtoto wa Kongwa, majina ya vijiji hayatakupiga chenga."

Majina hayakunipiga chenga.

Kwanza niueleze mradi wenyewe, maana wengi wa rika langu wameusikia kama hadithi ya kuchekesha ya wazungu waliokuja kulima kwa vifaru. Uingereza ya mwaka 1946 ilikuwa imeshinda vita na kubaki na njaa. Watu walikula kwa mgawo, na kilichoadimika zaidi kilikuwa mafuta ya kula. Frank Samuel, mkurugenzi wa United Africa Company iliyokuwa chini ya Unilever, akatoa wazo kwamba mapori ya Tanganyika yafyekwe kwa mashine, yapandwe karanga, zikamuliwe mafuta. Serikali ya chama cha Labour ya Clement Attlee ikalipokea. Katikati ya mwaka huohuo wakatumwa watu watatu, kiongozi wao akiwa John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo hapahapa Tanganyika. Walizunguka wiki tisa. Waliporudi walikuwa na mpango wa ekari 3,210,000, zigawanywe katika mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja, na 80 kati ya hayo yawe Tanganyika. Gharama ilikadiriwa kufika karibu pauni milioni 24. John Strachey, Waziri wa Chakula, akausimamia mpango kwa moyo wake wote. Shamba la majaribio halikuwepo. Watu walikuwa na njaa na kila mwezi ulihesabiwa.

Kazi ikaanzia Kongwa mwaka 1947. Vifaa vilishushwa kwenye stesheni ya Msagali, Reli ya Kati. Trekta nyingi zilikuwa mitumba ya jeshi la Marekani iliyobaki Ufilipino. Theluthi mbili zikawa mbovu kabla mwaka haujaisha. Hapo ndipo vifaru vinapoingia: kiwanda cha Vickers kilivigeuza vifaru vya Sherman kuwa trekta, wakaziita Shervick. Mibuyu ilikataa kung'oka, na nyuki waliokaa ndani yake wakawatoa madereva mbio. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikuzidi sana 7,500. Baadaye mradi ukapelekwa pia Urambo na Nachingwea, bandari ya Mtwara ikajengwa kwa ajili yake, na Januari 1951 serikali ileile ya Labour ikatangaza kuuacha. Hasara iliyofutwa vitabuni ni pauni milioni 36 na nusu.

Hayo yote yalisemwa ukumbini, na yalisemwa vizuri. Kuna jambo moja ambalo halikusemwa na ambalo mimi nililijua kwa vidole vyangu.

Karanga ni mmea wa ajabu. Huchanua juu, huzaa chini. Ua likishanyauka, kikonyo hurefuka, hujiinamia, kikatafuta udongo na kujichimbia, na humo gizani ndimo ganda linapojengeka. Kikikuta udongo mgumu, hakipiti. Kikipita mapema mvua ikiwepo, kisha mvua ikakatika, udongo wetu wa kule Hogoro hukauka ukawa kama tofali. Utotoni nilikuwa namsaidia mama kung'oa karanga mwezi wa tano. Mwaka wenye unyevu nilishika shina, nikatikisa kidogo, na shada zima likatoka na karanga zake zinaning'inia, udongo unapukutika wenyewe. Mwaka mkavu nilivuta shina likabaki mkononi, jepesi, na karanga zote zikabaki chini. Mama hakugombana na shina. Alipiga magoti, akachimba kwa ncha ya jembe lililochakaa, akizitoa moja moja, na jioni beseni halijajaa. Alikuwa na ekari moja na robo. Nikiwa chuoni, nilipoisoma ile namba ya ekari elfu thelathini kwa shamba, kitu cha kwanza nilichokiona ni magoti ya mama.

Turudi ukumbini. Meza kuu ilikuwa na watoa mada wawili, mchokoza mada mmoja na mwongoza mjadala. Bango nyuma yao, maua ya plastiki mbele yao, maiki mbili za kupokezana. Itifaki ikazingatiwa. Mtoa mada wa kwanza alieleza siasa za London, jinsi Bunge la Uingereza lilivyomkalia kooni Strachey mwaka 1949, na jinsi alivyohamishiwa Wizara ya Vita baada ya uchaguzi wa Februari 1950, akamwachia Maurice Webb kazi ya kuutangaza mwisho wa mradi. Wa pili alizungumzia udongo na mvua, kwamba Kongwa mvua ni ya msimu mmoja na haiaminiki. Ukumbi ulicheka alipofika kwenye vifaru. Nilicheka na mimi. Mchokoza mada akahitimisha kwamba tatizo la Waingereza lilikuwa kukosa utafiti na kudharau mazingira ya mahali, na hakuna aliyepinga.

Kisha ukafika muda wa michango. Wanafunzi wanne walisimama, wakauliza maswali ya kawaida. Wa tano alikuwa mzee wa miaka zaidi ya sabini aliyekaa safu ya nyuma, karibu na mlango, koti la kaki, kofia mkononi. Aliletwa na mjukuu wake aliyekuwa anasoma chuoni. Alikataa maiki.

"Mbukwenyi," akatusalimu. Waliojua Kigogo wakaitika.

Nakumbuka alichosema karibu neno kwa neno, kwa sababu nilikuwa nimeshika kalamu na sikuwa naandika.

Alisema: "Mwaka ule mimi nilikuwa mtoto wa kuchunga ndama. Trekta tulilisikia siku mbili kabla ya kuliona. Hapa nimesikia mnasema wazungu hawakuuliza. Waliuliza. Walimuuliza baba yangu njia ya kwenda mbele. Hawakumuuliza kama huko mbele kuna mvua. Baba alikuwa na mashamba manne. Moja bondeni, moja kwenye kichanga, moja kwa shemeji yake ng'ambo ya kilima, na moja palipokuwa zizi la zamani. Mvua ya Ugogo ina pembe. Inanyesha kwa jirani wewe unaitazama. Mwenye shamba moja ana bahati moja. Ng'ombe nao hivyo hivyo, hatuwaweki zizi moja. Sasa wale wakaja na shamba moja lisilo na mwisho."

Ukumbi ulikuwa umetulia kabisa. Akaendelea.

"Wale wakaenda. Mwaka wa sabini na moja wakaja wengine, ndugu zetu wenyewe, na nia yao ilikuwa njema, mimi sibishi. Ikaja Operesheni Dodoma. Wakasema tubomoe tembe zetu, tukae pamoja pembeni mwa barabara tupate shule na maji. Wakatuuliza, mko kaya ngapi? Hawakutuuliza, mashamba yenu manne mtayafikaje? Na ninyi mliokaa hapo mbele..."

Hapo mwongoza mjadala akaingia kwa upole. "Mzee wetu, tunakushukuru sana kwa kutukumbusha. Ila hilo halihusiani na mada, na muda nao si rafiki." Makofi yakapigwa. Mzee akasimama kidogo akiwa ameshika kofia kwa mikono miwili, kisha akakaa.

Katika kumbukumbu zangu, hoja namba 5 inasomeka hivi: "Mchangiaji kutoka Kongwa aliwashukuru waandaaji wa kongamano."

Hakuwashukuru. Sentensi ile niliitunga mimi.

Wakati wa chai nilimkuta amekaa kwenye ukuta mfupi nje, kivulini, sahani ya sambusa mbili mapajani. Nikamsogelea.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Wa wapi wewe?"

"Hogoro."

"Wa nani?" Nikamtajia babu yangu mzaa mama. Akatikisa kichwa akitabasamu. Alimjua, walikuwa wakikutana mnadani. Akaliangalia daftari langu. "Ndiwe uliyekuwa unaandika kule mbele?"

"Ndiyo, babu."

"Umeandika?"

Nikamwambia ndiyo.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilidanganya, kwanza kwenye karatasi na kisha mbele ya uso wake. Ningeweza kusema kiolezo cha kumbukumbu kilikuwa na safu za hoja, azimio na mhusika tu, na maneno ya mzee hayakuwa na azimio. Ningeweza kusema mwongoza mjadala alishatoa uamuzi. Kweli yenyewe ni kwamba nilikuwa naandika nikiwa na sura ya msomaji wangu akilini. Nilijua karatasi ile itakwenda kwa nani, nilijua anachotarajia kukuta, nami nikampa alichotarajia. Hakuna aliyeniagiza.

Baada ya hapo niliisoma habari ya Wakefield kwa jicho jingine. Hakuwa mjinga, wala hakuwa mgeni. Alikuwa ameongoza kilimo cha nchi hii. Watu wa aina yake walijua kwamba Ugogo ni nchi ya njaa. Wagogo wenyewe huzipa njaa majina, na ile ya 1917 hadi 1920, Mtunya, bado inatajwa na watu ambao hata babu zao walikuwa watoto wakati ule. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa Ugogo mwaka 1917, mwaka uleule Mtunya ilipoanza, alichapisha historia, mila na desturi za Wagogo kwa Kiswahili mwaka 1954. Yaani miaka mitatu baada ya mradi kufa tayari kulikuwa na Mgogo mwenye kitabu kizima kuhusu watu wa mahali hapo. Ujuzi ulikuwepo, midomoni mwa watu, hatua chache kutoka Msagali. Lakini timu ile ilipotoka London ilikuwa imeshaambiwa, kwa maneno au kwa kimya, kwamba kuna mawaziri wanasubiri, na kwamba wanasubiri jibu la ndiyo. Mtu anayetumwa hivyo haoni anachokiona. Mimi nilikuwa na daftari la shilingi mia tano na kikao cha saa tatu, na nilifanya kosa lilelile.

Nadhani ndiyo maana najali sana haya makongamano yetu, kuliko wenzangu wanaoyaona kama mahali pa kusaini karatasi ya mahudhurio. Tuna urithi wake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Ukumbi wa Nkrumah, miaka ya sitini na sabini, vijana walikesha wakibishana kuhusu ukoloni na ubeberu. Walter Rodney alifundisha pale, na kitabu chake kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka mwaka 1972, Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam ikiwa mmoja wa wachapishaji. Najivunia urithi huo bila kusita. Lakini angalia mwaka: 1971 ndio ule ambao yule mzee alikuwa anabomoa tembe yake. Swali tulilojifunza kumuuliza Mwingereza, kama aliwauliza wenyeji, lilikuwa swali zuri kabisa. Gumu ni kuliuliza na hapa ndani, kwa sauti ileile, mbele ya watu tunaowaheshimu na ambao nia yao ni njema.

Operesheni Dodoma haikuwa Mradi wa Karanga, na sitaki kuvilinganisha kana kwamba ni kitu kimoja. Mmoja ulitaka mafuta kwa ajili ya meza za Uingereza. Nyingine ilitaka watoto wa Ugogo wasome, na wengi walisoma. Mama yangu ni mmoja wao. Hata hivyo mzee hakuzungumzia nia. Alizungumzia mashamba manne.

Mwaka 2015, likizo ya mwisho kabla ya kuhitimu, nilimtafuta. Haikuwa kazi, maana mnadani kila mtu alimjua. Nilipita kando ya ranchi ya Kongwa, mahali ambapo Waingereza walitaka karanga na ambapo sasa ng'ombe wananenepa. Eneo hilo limebeba mengi: baada ya karanga, kuanzia 1964, wapigania uhuru wa FRELIMO, ANC, SWAPO na wengine walipiga kambi Kongwa, na wazee bado wanawakumbuka vijana wale waliokuja kununua maziwa wakisema Kiswahili cha kujifunza.

Nilimkuta amekaa nje ya nyumba yake anasuka kamba. Nikamwamkia, nikakaa chini, nikamwambia moja kwa moja: "Babu, siku ile sikuandika."

Hakuacha kusuka. "Nilijua," akasema. "Ulijibu haraka mno."

Kisha akaingia ndani, akatoka na fimbo, akaniambia nimfuate. Tulitembea tangu asubuhi mpaka jua likawa utosini. Alinionyesha shamba la bondeni, uwele umebeba vizuri. La kichanga, karanga, akaniambia nivute shina moja. Likatoka na shada lake lote. La tatu, ng'ambo ya kilima, mtama ulikuwa umekauka ukiwa wa magotini, na kati ya hapo na lile la bondeni hatukuwa tumetembea hata saa moja. Hakusema kitu pale. Aliniacha nisimame katikati ya mabua nikiangalia kule tulikotoka. La nne lilikuwa zizi la zamani, mahindi marefu, ya kijani iliyoiva. Nilipotoa daftari na kuanza kuandika alikaa kwenye jiwe akanisubiri, na nilipomaliza akaniambia nimsomee. Alinirekebisha mahali pawili. Nilikuwa nimeandika kwamba shamba la tatu "limeshindwa". Akasema shamba halishindwi, limelala.

Leo nafanya kazi ya kuandaa na kuongoza mijadala, mara nyingi kuhusu kilimo, na mada iliyotawala miaka hii ni ileile iliyomleta Strachey: mafuta ya kula. Tanzania inaagiza mafuta mengi kutoka nje, na tangu mwaka 2021 Serikali imeupa mkoa wa Dodoma, pamoja na Singida na Simiyu, nafasi ya mbele katika kilimo cha alizeti. Nauamini mpango huo. Nimeona mashine ndogo za kukamua mjini Kibaigwa, nimeona akina mama wakiuza mashudu na kulipa ada. Alizeti inavumilia ukame kuliko mahindi, na mkulima wa hapa anaijua. Kwa kuwa nauamini, nataka uhojiwe mapema, na watu wenye udongo kucheni.

Kwa hiyo nimebadilisha mpangilio. Katika vikao ninavyoongoza mkulima anasema kwanza, kabla ya watoa mada, akiwa meza kuu na jina lake kwenye kibao. Mwanzoni nililalamikiwa kwamba navuruga utaratibu, kwamba mchangiaji hawezi kuchangia mada ambayo haijatolewa. Nikawajibu kwamba mada imeshatolewa. Imetolewa shambani tangu Desemba. Sina uhakika niliwashawishi. Walikubali kwa sababu ratiba ilikuwa imeshachapishwa.

Msimu uliopita, katika kikao kimoja, alikaa pembeni yangu mama mmoja wa makamo kutoka vijiji vya Kongwa, kitenge begani, mikono juu ya meza. Alizungumza dakika nne. Katibu wetu, binti wa mwaka wa pili, alifika mahali akainua kalamu, akanitazama. Niliijua ile sura. Nikamwelekeza kwa kichwa aandike. Jioni alinitumia rasimu nikasahihisha tahajia tu, na ikapita hivyo. Hoja namba 1 inasomeka:

"Mkulima alisema mbegu walizoahidiwa zilifika kijijini wiki ya pili ya Februari, wakati jirani zake walikuwa wanapalilia mara ya pili. Alizipanda shamba la bondeni tu, nusu ya mfuko. Nusu nyingine anayo ndani. Aliuliza ni nani aliyepanga tarehe ya kufikisha mbegu, na kama mtu huyo anajua mvua ya kwao huanza lini. Meza kuu haikuwa na jibu. Swali lirudiwe kikao kijacho kabla ya mada yoyote."